Kisogo cha Mama Mkwe Kwenye Tovuti

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza imetukuta tunakula. Bati la sebuleni lina tundu ambalo nimeahidi kuliziba tangu kiangazi kile kingine, na maji yakaanza kudondoka katikati ya chumba. Nikaruka. Nikaokoa soko la Manyovu, nikaokoa mihogo ya Murungu ikiwa bado inakauka, nikaokoa foleni ya mgawo wa chakula kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta. Nilipogeuka, mke wangu Maximilla alikuwa amekaa palepale, sahani mkononi, maji yanamdondokea begani.

"Endelea, baba Niyo," akasema. "Mimi sijapakwa rangi, siharibiki."

Kwa atakayeliokota daftari hili: mimi ni Leonidasi, mchoraji wa hapa Kibondo. Ugali wangu unatoka kwenye vibao vya maduka na vichwa vya saluni za kunyolea. Roho yangu iko kwenye picha za sebuleni, ambazo hakuna mtu amewahi kuziulizia. Ziko ukutani, nyuma ya kochi, juu ya kabati, na mgeni akija anakaa amekunja magoti kama yuko kwenye mtumbwi.

Sasa binti yetu Niyonkuru amepata mchumba, na watu wa upande wa mume wanakuja mwisho wa Novemba. Baada ya kula, Maximilla akatoa hukumu huku akikamua maji kwenye kitenge. Picha zitoke sebuleni kabla ya wageni. Na kama mpaka Krismasi hakuna hata moja iliyopata ukuta kwa mtu mwingine, basi hazirudi, na mimi na rangi zangu tutahamia uani.

Uani, kwa mvua za huku, maana yake ni kutochora mpaka Mei. Mkono wa mtu wa umri wangu ukilala mpaka Mei, ukiamka utakuwa unajua vichwa vya saluni tu.

Nilisema sawa.

Jumanne, 8 Oktoba

Mungu ana utani. Leo nimepata ujumbe kutoka kwa Bi Mwanaamina, anayesimamia jumba la maonyesho Dar es Salaam. Alilala kwenye nyumba ya wageni hapa mjini, akaona ukuta wa chumba cha kulia niliouchora, akachukua namba yangu pale chini. (Namba yangu huwa naiandika kubwa kuliko jina.) Anachagua wachoraji wa mikoani kwa maonyesho ya mwaka mpya. Anaomba kiungo cha tovuti yangu kabla ya tarehe tano Desemba.

Nikamjibu kwamba tovuti iko kwenye matengenezo. Si uongo mkubwa. Hata mbegu ambayo haijanunuliwa, ukitaka, iko njiani kuota.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kasulu, kwa Saady. Ana stesheneri karibu na stendi, na humo ndani anatengeneza tovuti za shule na za makanisa. Babu yake alitoka Tanga na mzigo wa kanga, na Kiswahili cha ukoo huo bado kimepigwa pasi. Nikiongea naye nahisi changu kina tope.

"Templeti, mzee wangu," akanieleza, "ni nyumba iliyokwisha kujengwa. Wewe unaingiza vyombo tu."

Akanifungulia tatu. Ya kwanza nyeupe: picha moja katikati, pembeni patupu. Ya pili nyeusi, kama baa kabla wateja hawajaja. Ya tatu ilikuwa na farasi wanakimbia kwenye majani, na mchoraji mmoja wa Kizungu mwenye ndevu, skafu na mbwa.

"Hii," nikasema.

"Sijamaliza kukuonyesha. Umependa nini humo?"

"Farasi."

"Farasi hawamo, mzee wangu. Hao wa kuonyeshea. Wakitoka wao, unaingia wewe."

"Na mbwa?"

"Na mbwa anatoka."

Nikafikiri kidogo. "Hata hivyo, hiyohiyo."

Akanitazama kama mganga ambaye mgonjwa wake amechagua vidonge kwa rangi.

Jumapili, 13 Oktoba

Tumepanda maharage na mahindi. Mgongo unanikumbusha mwaka niliozaliwa.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemwonyesha Maximilla zile templeti kwenye simu. Nilitaka asifie farasi. Farasi akawapita tu. Akasimama kwenye ile nyeupe, akaisogeza juu, akaisogeza chini, akaguna.

"Huyu mtu alifiwa?"

"Kwa nini?"

"Kapanda mche mmoja katikati, shamba zima kaliacha. Hata maboga hakutia?"

Nikamwambia ndivyo wanavyopenda wakubwa wa sanaa, nafasi ipumue. Akasema nafasi inayopumua kwenye shamba la watu wa huku inaitwa uvivu, na majirani hawatasema ni sanaa.

Kwa hili nilikubaliana naye kabisa. Naandika hapa ili ijulikane kwamba tuliwahi kukubaliana.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua. Umeme hakuna. Saady naye hapatikani.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kasulu tena. Saady ameingiza picha zangu kwenye nyumba ya farasi. Nilienda nimevaa shati la kanisani.

Kumbe ile templeti ina tabia. Ili picha zipangike sawasawa, inakata kila moja mraba. Picha zangu hazijawahi kusikia habari za mraba. Soko la Manyovu limebaki tairi la lori na mkono wa mbadilisha fedha, fedha yenyewe hakuna. Foleni ya Nduta imekuwa mtu mmoja, na mtu mmoja si foleni.

Lakini hayo nilimeza. Kilichonishinda ni picha ya mama mkwe.

Lazima nieleze. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa wa mjini. Sisi bado tunashika. Mama Vestina, mama yake Maximilla, anakaa Murungu, na akija anapita kwa mlango wa jikoni. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Hata nikiwa nasikia, anasema, "Mwambie mkwe mvua inakuja," na Maximilla ananigeukia, "Mama anasema mvua inakuja," na mimi namwambia Maximilla, "Mwambie mama nimeshukuru." Wakati huo tumelowa wote watatu.

Sasa mwaka jana, kiangazi, nilimchora. Nilimchora vile ninavyomjua: kwa nyuma. Amesimama anapepeta maharage, ungo uko juu, pumba zinaruka upande wa kushoto. Kisogo, shingo, kilemba, fundo la kitenge mgongoni. Niliunga mbao za plaiwudi mpaka zikawa ukubwa wa ukuta, kwa sababu kwenye ubao mdogo hakuenea. Ndiyo picha yangu bora. Hilo nalijua kama ninavyojua kwamba zile nyingine ni za kawaida.

Templeti imekata kisogo. Imekata na ungo. Imebakiza kiuno.

"Saady," nikasema, "huyo ni mama mkwe wangu."

Saady akaifunika skrini kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wanaoga. "Astaghafirullah. Samahani sana, mzee wangu. Sikujua."

Tukaangalia pembeni, wote wawili. Farasi wamekwisha.

Jumapili, 27 Oktoba

Mama Vestina amekuja, yuko jikoni. Niyonkuru, asiye na adabu, akamwonyesha bibi yake tovuti kwenye simu. Nashukuru hakufika kwenye kiuno. Alisimama kwenye maelezo, yale maneno ya kujazia ambayo Saady alisema ni Kilatini kisicho na maana, yanasubiri ya kwangu.

Nikamsikia kupitia ukuta: "Mwambie mkwe amefanya vizuri kuanza na sala."

Maximilla akaja mlangoni. "Mama anasema umefanya vizuri kuanza na sala."

"Mwambie mama si sala. Yatafutwa."

Maximilla akarudi jikoni. Halafu: "Mwambie mkwe, Kilatini cha Mungu hakifutwi."

Hakijafutwa.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimemwambia Saady tujenge upya. Templeti ambayo haikati mtu, na ambayo haiachi shamba tupu.

"Ipo moja," akasema kwa unyonge, "ina nafasi za kila kitu. Lakini mzee wangu, si lazima kila nafasi ijazwe."

Si lazima, anasema. Mtu wa duka huyo, hajawahi kulima. Mahindi yanakwenda juu, maharage yanajaza chini, maboga yanatambaa, na pale pembeni kabisa unachomeka viazi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Sehemu ikibaki, swali la kwanza la mtu ni: nani alikuwa mgonjwa?

Jumamosi, 9 Novemba

Imekamilika. Picha zote zimo, zile kubwa zinapishana zenyewe kama watu wa sokoni. Chini yake vibao vya maduka, kwa mpangilio wa mitaa. Kushoto vichwa vya saluni. Kulia picha yangu na Maximilla siku ya harusi, kwa sababu palibaki kanafasi. Juu salamu, ndefu, maana mgeni haonyeshwi vitu kabla ya kuulizwa habari za alikotoka. Kwaya ya parokia inaimba mtu akifungua tu. Na sala ya mama mkwe iko katikati, na maua.

Saady alipoifungua, tukanywa chai, tukamaliza, ikawa bado inafunguka.

"Imeshiba, mzee wangu," akasema.

"Ndiyo dalili ya nyumba nzuri," nikamjibu, nikamtumia Bi Mwanaamina kiungo hapohapo, kabla sijaingiwa na akili.

Alhamisi, 14 Novemba

Kimya kutoka Dar. Maharage yametoa maua.

Jumatatu, 18 Novemba

Bi Mwanaamina amejibu. Nainakili yote, ni fupi:

"Shikamoo mzee Leonidasi. Nimesoma salamu zako, nimefurahi, na sisi hatujambo. Nimesikiliza kwaya. Picha bado sijaziona vizuri, zinanikimbia. Naomba unisaidie: kati ya hizi zote, yako ni ipi?"

Yangu ni ipi. Nimezunguka na swali hilo mpaka shambani. Maximilla akaniuliza nina nini, nikamsomea. Akacheka mpaka akakaa kwenye tuta. Halafu akaona uso wangu, akaacha.

"Kwani wewe hujui?" akauliza. Hakuwa anatania.

"Nikimpa moja, na hiyo moja ikamchukiza?"

"Basi umeamua uchukiwe kwa zote."

Jumatano, 20 Novemba

Sijaenda Kasulu. Nimechora kichwa cha saluni. Kimetoka kizuri, na ndiyo maana nina huzuni.

Alhamisi, 28 Novemba

Leo tumehamisha. Wageni Jumamosi. Picha zote zimekwenda kwenye banda la mbuzi, chini ya turubai. Nilizibeba mimi, moja moja, na Maximilla alisimama mlangoni akinipisha bila neno, jambo ambalo kwake ni huruma kubwa.

Ikabaki ya mama mkwe. Tukaishika huku na huku, tukaielekeza mlangoni kwa kusimama, kwa kulala, kwa pembe. Haipiti. Niliiungia humu ndani, nikaichorea humu ndani, na siku zote hizo sikufikiria mlango hata mara moja.

"Baba Niyo," akasema Maximilla, anahema, "wewe ndiye uliyejenga nyumba hii."

"Ndiyo."

"Na mlango uliupima wewe."

"Ndiyo."

"Nilitaka tu tukumbuke."

Imerudishwa ukutani. Kuta nyingine tatu ni tupu. Sauti zetu zinarudi.

Ijumaa, 29 Novemba

Mbuzi amekula kona ya soko la Manyovu. Wabadilisha fedha wote wamekwisha.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika wageni wameondoka, na bado moyo haujakaa.

Walikuja asubuhi, mvua imepumzika. Msemaji wao ni mzee Niyonzima wa Kasulu, mtu mrefu, mpole, wa kupima maneno. Tukapiga makofi ya salamu, tukaulizana habari za watu, za ng'ombe, za mvua, za watu tena. Wakaketi. Na kwa kuwa sebule nzima ilikuwa haina kitu kingine, wakaketi wakitazama picha.

Mazungumzo yalianza vizuri, kisha yakapoa. Nilikuwa nasema, mzee Niyonzima anaitikia, lakini macho yake yanapita juu ya kichwa changu. Akamnong'oneza mwenzake. Mwenzake naye akatazama, akakaza mdomo. Mwisho mzee akaweka glasi chini.

"Mwenye nyumba, tusamehe kwa swali. Tumekuja kwa heshima, na tunaona tumepokelewa kwa heshima. Lakini huyu mama aliyeko ukutani ametupa mgongo tangu tulipoingia. Kwetu, mgeni akipewa mgongo anajua ameambiwa aende. Kama ndivyo, tuambieni kwa mdomo, tuondoke bila ugomvi."

Nyuma ya pazia nilisikia Niyonkuru ameangusha kijiko. Kumbe picha niliyoshindwa kuipitisha mlangoni ndiyo ingemzuia mwanangu kupita.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya nafasi na mwanga, ya kumwambia Bi Mwanaamina siku moja. Hiyo nikaiacha. Nikasema kilichokuwepo.

"Mzee, huyo ni mama mkwe wangu."

Akasubiri.

"Uso wake siujui vizuri. Sijawahi kuutazama. Ninachokijua ni hicho. Nimemwona akiondoka nilipoingia, nimemwona kwenye shamba lake akiwa ameinama, nimemwona akipepeta huku mimi napita nyuma kimya ili asigeuke. Nilitaka kumchora, na ningemchora usoni ningekuwa nimedanganya. Au nimekosa adabu. Nikamchora ninapomjulia."

Mzee Niyonzima akanyanyuka, akaisogelea picha, mikono nyuma. Akaangalia fundo la kitenge muda mrefu. Akaangalia kisogo. Mimi nami nikaangalia, na nikashangaa: tangu niimalize sijawahi kuiona. Siku zote ilikuwa imebanwa na mihogo upande huu na lori upande ule. Leo pembeni yake hapakuwa na kitu, na yule mama alikuwa anapepeta, na upepo ulikuwepo.

"Haya," akasema mzee, amewageukia wenzake. "Nyumba inayomwekea mama mkwe heshima hata ukutani. Mnataka mke wa kijana wetu atoke nyumba gani nyingine?"

Wakacheka, makofi yakapigwa, mambo yakaenda. Kilichobaki kilikuwa cha mbuzi na tarehe, na hicho si cha kuandika.

Walipotoka kuangalia zizi, pazia la jikoni likasogea. Nilidhani ni Maximilla. Alikuwa Mama Vestina. Hajawahi kuingia sebuleni kwangu nikiwemo. Nikaangalia sakafu haraka, kama inavyotakiwa. Nyayo zake zikapita mbele yangu, zikasimama. Alipokuwa amenipa mgongo, nikainua macho, na mbele yangu kulikuwa na visogo viwili: cha ukutani na chake, vinatazamana na mimi.

Halafu akasema, bila "mwambie mkwe", bila mtu wa katikati:

"Kumbe ulikuwa unaniona."

"Ndiyo, mama."

"Pumba haziruki hivyo kama upepo ni wa kusini."

"Nitarekebisha."

"Usiguse," akasema, akarudi jikoni.

Jumapili, 1 Desemba

Kasulu, bila shati la kanisani. "Ile nyeupe," nikamwambia Saady.

Akafuta vyote: vibao, vichwa, harusi, kwaya, maua. Nilikuwa nauma meno. Akaweka picha moja katikati, nzima, na weupe pembeni. Ikafunguka kabla sijakaa vizuri. Chini yake nikaandika jina langu, na sentensi moja: kwamba huyu ni mama mkwe wangu, na kwetu ndivyo anavyotazamwa.

"Na hii sala?" akauliza Saady.

Nikaangalia. Mstari mmoja wa Kilatini ulikuwa umebaki kule chini kabisa.

"Iache. Hiyo si yangu kuifuta."

Alhamisi, 5 Desemba

Leo ndiyo siku ya mwisho ya Dar; kiungo Bi Mwanaamina anacho tangu Jumapili. Nimeziba tundu la bati. Maximilla akatoka nje kunitazama juu ya paa, akafanya ishara ya msalaba.

Jumatano, 11 Desemba

Tumekula maharage mabichi ya kwanza. Dar kimya.

Jumamosi, 14 Desemba

Wameichukua. Itaning'inizwa ukuta wa mbele, peke yake, na akitokea wa kuinunua tutaongea. Bi Mwanaamina anatuma lori linalorudi Dar tupu. Anauliza vipimo, na anauliza ile sala chini ina maana gani. Nimemwambia vipimo ni vikubwa kuliko mlango, na la sala amuulize mama mkwe.

Nilidhani Maximilla atapiga vigelegele. Krismasi haijafika na ukuta umepatikana. Akakaa kwenye kochi, akaangalia picha.

"Hii tu ndiyo waliyoiona?"

"Hii tu."

"Zile za banda je? Hawataki zile?"

"Mama Niyo, si wewe uliyetaka zitoke?"

"Nilitaka picha zitoke. Huyu ni mama. Naona hata nikitoka jikoni, kuna mtu."

Nikamwambia nitamwandikia Bi Mwanaamina tusiipeleke. Nilikuwa namaanisha. Akafikiria mpaka chai ikapoa.

"Aende," akasema. "Murungu na Kibondo amezimaliza, aone na Dar. Ila wasimkate popote. Waambie kabisa."

Nimewaambia.

Ijumaa, 20 Desemba

Fundi amekuja na nyundo, ameng'oa fremu ya mlango na matofali ya upande mmoja. Maximilla akasema usijengwe tena mwembamba, kuna kochi jipya analifikiria. Majirani wakaja kuangalia mama mkwe wangu anavyotolewa kwa watu sita, amefunikwa turubai, na kila mmoja akipiga kelele kwamba kichwa kiko upande wake. Mama Vestina mwenyewe alikuja kumsindikiza. Alisimama mbali, akamwambia Maximilla, "Mwambie mkwe afunge vizuri kamba ile ya nyuma." Tumerudi kwenye mpangilio. Nikafunga kamba ya nyuma.

Lori likaondoka. Mvua ikaanza, ikaingia moja kwa moja kwa mlango usiokuwepo.

Tumekaa sebuleni, mimi na mke wangu, tumetundika turubai mlangoni, tunautazama ule ukuta. Mkubwa, mweupe, misumari miwili. Nikamwambia kwamba ahadi ni ahadi: moja imeondoka, lakini zile za banda nitaziacha hukohuko, mbuzi ameshazizoea.

Akainamisha kichwa upande, akaukagua ukuta kutoka kona hadi kona, vile anavyokagua shamba la jirani.

"Baba Niyo," akasema, "shamba hilo halijapandwa."

Nimekwenda kutafuta plaiwudi.